MRI, DaT, PET ama ultrasaundi: picha gani ya ubongo inafaa ukishuku Parkinson na uko Mombasa

Hii namwandikia mtu mwenye mzee nyumbani ambaye mkono umeanza kutetemeka, ama anatembea akiburuta mguu na uso umekakamaa hata akifurahi huoni, daktari ametaja Parkinson na sa hizi familia imegawanyika. Mmoja anataka MRI leo leo, mwengine amesoma kwa simu kuna skani inaitwa DaT inayoonyesha neuroni (seli za neva) zilizokufa, na yule aliye ng'ambo anapiga kila jioni anasema mpelekeni Nairobi akafanyiwe PET. Pia kuna wanaosema ni mashetani, asomewe kwanza. Asomewe, dua haikatazi daktari, lakini msimkalishe mwaka mzima nyumbani akizidi kukakamaa.

Kabla ya yote kuna jambo nataka lieleweke, manake ndo linaloamua kila kitu hapo chini. Hakuna hata picha moja kati ya hizi inayohesabu neuroni zilizokufa. Parkinson inaua seli zilizo kwenye ubongo wa kati, mahali panaitwa substansia nigra, seli zenye rangi nyeusi ya neuromelanini ambazo kazi yake ni kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, na kuipeleka juu mpaka sehemu inaitwa striatamu kwa nyuzi ndefu. Kwa makadirio ya wengi, mtu anapoanza kuonyesha dalili kwa mwili tayari amepoteza karibu nusu ya seli hizo. Kuzihesabu moja moja hufanywa kwa darubini baada ya mtu kufariki. Kwa aliye hai tunasoma alama tu, na kila mashini ina alama yake. Ni sawa na kutaka kujua kijiji kina wavuvi wangapi kwa kutazama ngalawa zilizofungwa ufuoni, zikipungua sana utashuku wavuvi wamepungua, na mara nyingi utakuwa sawa, lakini kuna mvuvi mzima ambaye ngalawa yake imepandishwa kwa fundi.

Kwa hivo usianze na mashini, anza na swali. Na maswali huwa ni matatu, watu huyachanganya: Je, kuna kitu kingine kichwani kinacholeta hali hii, kama kiharusi, uvimbe ama maji yaliyojaa? Je, njia ya dopamini yenyewe imepungua, ama huu mtetemeko umetoka kwengine kabisa, kwa mfano kwa dawa anazokunywa? Na la tatu, kama imepungua, ni Parkinson yenyewe ama ni zile jamaa zake mbaya zaidi, magonjwa mawili yanayoitwa kwa kifupi MSA (multiple system atrophy) na PSP (progressive supranuclear palsy)?

Nitapima kila picha kwa mambo yale yale: inaona alama gani, inajibu swali lipi na inashindwa wapi, mzee atapitia nini siku hiyo, kuifikia ukitokea Mombasa ikoje, na inamfaa nani. Asilimia za usahihi sitaziweka mbele, kwa sababu nyingi zinazozunguka zimepatikana kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa ushajulikana wazi, na wewe unauliza kuhusu mtu ambaye bado haeleweki.

MRI

Inaona nini: Umbo la ubongo, kwa sumaku, bila mionzi. MRI ya kawaida ya mgonjwa wa Parkinson mara nyingi inarudi "kawaida", na hapa ndo watu huumia, manake wanalipa, wanangoja, ripoti inasema hakuna kitu, wanahitimisha mzee hana Parkinson. Sivyo kabisa. Ripoti safi inasema hakuna uvimbe na hakuna kiharusi, basi.

Kuna aina mbili za kisasa zaidi zinazokaribia neuroni zenyewe. Ya kwanza inapigwa kwa mpangilio maalum unaofanya neuromelanini ing'ae, Wajapani waliionyesha 2006 kwa mashini ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na kwa mgonjwa ule mng'ao hufifia. Ya pili inatafuta kijisehemu kidogo ndani ya substansia nigra ambacho kwa mtu asiye mgonjwa huonekana kama mkia wa mbayuwayu, mgonjwa mkia unapotea. Zote zinavutia sana, mimi ni mmoja wa wanaozipenda kwa vile hazina sindano, lakini zinataka mashini yenye nguvu na msomaji aliyezoea.

Inajibu nini: Swali la kwanza, vizuri sana. La tatu, kiasi, manake PSP ikikomaa ubongo wa kati unapungua mpaka kwa picha ya ubavuni unafanana na ndege mwenye mdomo mrefu, na MSA saa nyengine inaacha alama ya msalaba kwenye shina la ubongo. La pili haijibu, isipokuwa hizo aina maalum. Na hata zile haziwezi kukutenganishia Parkinson na PSP ama MSA, manake zote tatu zinakula mahali pale pale.

Siku yenyewe: Kama nusu saa hivi mpaka dakika 45, umelala ndani ya bomba lenye kelele nyingi. Mwenye pesimeka ama chuma mwilini lazima aseme mapema. Mzee ambaye kichwa chenyewe kinatetemeka picha itatoka na ukungu, waambie wahudumu kabla hajaingia.

Kuifikia: Ndo rahisi kupata kati ya picha kubwa, mashini zipo hapa hapa mjini, za serikali na za binafsi. Uliza ni tesla ngapi, 1.5 ama 3. Kwa swali la kwanza 1.5 inatosha kabisa. Kwa mkia wa mbayuwayu ama neuromelanini, 3, na uliza pia kama kuna daktari wa picha atakayesoma hizo sehemu, manake bila msomaji umelipia bure. Kuhusu SHA ama bima, ulizia wanalipa kiasi gani kabla hujapanga tarehe, si baada.

Inamfaa: Karibu kila mtu ambaye dalili zake si za kawaida, na mtu yeyote ambaye hajawahi kupigwa picha ya kichwa na daktari ana wasiwasi.

DaT

Hii ndo watu wengi wanaulizia wakisema "ile skani ya Parkinson", kwa hivo nitakaa hapa kidogo.

Inaona nini: Mzee anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, iofluptani inayobeba iodini 123, inaenda kukaa kwenye miisho ya zile nyuzi za dopamini, pale kwenye vilango vinavyorudisha dopamini ndani ya neva. Halafu kamera ya gama inazunguka kichwa na kuchora wapi dawa imekaa. Mtu asiye mgonjwa anatoka na alama mbili kama mkato, yaani koma, moja kila upande. Parkinson inaanza kula mkia wa koma, manake sehemu ya nyuma ya striatamu ndo inayotangulia kukauka, mwisho inabaki nukta. Na kawaida upande uliopungua zaidi ni ule ulio kinyume na mkono ulioanza kutetemeka. Ulaya waliikubali 2000, Marekani 2011, na 2022 Marekani wakaongeza matumizi yake kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wenye chembe za Lewy, yaani vibonge vya protini ndani ya seli za ubongo.

Ona tena basi: vilango, si neuroni. Mwili ukiona dopamini ni chache unaweza kupunguza vilango ili hiyo kidogo ikae kazini muda mrefu, kwa hivo DaT saa nyengine inaonyesha hasara kubwa kuliko ilivyo. Kuna utafiti mmoja mkubwa unaitwa ELLDOPA, ulichapishwa 2004, wagonjwa 361, wengine walipewa levodopa, ambayo ndo dawa kuu ya Parkinson, wengine dawa bandia. Waliopewa levodopa kwa mwili walikuwa afadhali wazi, lakini picha zao za vilango zilionyesha kushuka kwa kasi zaidi. Madaktari walijadili miaka, dawa inaua neuroni ama inabadilisha tu vilango? Kwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe somo ni kwamba picha na mwili vinaweza kupishana, na mtu asiache levodopa kwa sababu ya picha. Katika utafiti huo huo kulikuwa na watu waliodhaniwa kabisa wana Parkinson lakini skani zao zikatoka safi, wengi wa namna hiyo baadaye huonekana walikuwa na kitu kingine.

Inajibu nini: Swali la pili, na hapo ni hodari kweli. Ikiwa safi, mtetemeko huenda ni ule wa kushika vitu ambao madaktari wanauita esenshali tremo, ama ni wa dawa. Vigezo vya kimataifa vya 2015 vinasema picha safi ya aina hii inaondoa Parkinson, lakini vigezo hivyo hivyo havidai mtu apigwe picha ndo apewe jina la ugonjwa. Swali la tatu inashindwa: Parkinson, MSA na PSP zote zinatoa nukta. La kwanza haijibu.

Hapa niseme kuhusu dawa, manake hapa Pwani naiona sana. Sinarizini ya kizunguzungu, metoklopramidi ya kutapika, haloperidoli na klopromazini za akili, zote zinaweza kumfanya mtu akakamae na kutetemeka kama Parkinson tupu. Shangazi yangu alikuwa ananunuliwa sinarizini kila mwezi dukani, hakuna aliyeuliza imekuwa muda gani, mpaka daktari mmoja akamwambia, "Mama, kesho nijie na mfuko wa dawa zote, hata za mitishamba." Mfuko ule ulijibu kabla ya skani yoyote.

Siku yenyewe: Ni ya kukaa. Kwanza anapewa iodini ya kukinga tezi ya shingo, angalau saa moja ipite, ndo anadungwa, halafu anasubiri saa 3 mpaka 6 dawa ikae, halafu picha yenyewe ya nusu saa na kitu. Mionzi si mingi, ni chini ya CT ya tumbo. Levodopa kwa kawaida haiharibu picha. Zinazoharibu ni kama bupropioni, methilfenideti, kokeini na amfetamini. Na kama mzee anatafuna miraa ama muguka, mwambie daktari bila aibu, kwa vile katinoni iliyo ndani ni ya jamii moja na amfetamini.

Kuifikia: Iodini 123 inapungua nusu kila saa 13, kwa hivo haiwekwi stoo. Inaagizwa kwa ajili ya mtu na siku maalum, ndege ikichelewa siku mbili imekwisha. Kabla hujakata tiketi piga simu kitengo cha nyuklia cha hospitali unayoelekea uulize mambo mawili tofauti, kamera ya gama mnayo, na dawa ya DaT yenyewe mnaiagiza? La kwanza likiwa ndiyo halimaanishi la pili ni ndiyo. Wanaosafiri India kwa matibabu, na kutoka Mombasa ni wengi, hii ndo picha ya kuuliza ifanyiwe huko huko wakati wa safari.

Inamfaa: Mtu ambaye daktari wa neva amemkagua vizuri na bado amekwama kati ya Parkinson na mtetemeko mwengine. Aliye wazi kabisa haimwongezei kitu.

PET

Inaona nini: Inategemea dawa iliyodungwa, na hapa ndo ndugu wa ng'ambo huchanganya, anasema "PET" kana kwamba ni moja. F-DOPA ni ndugu wa levodopa aliyetiwa florini yenye mionzi, inaonyesha neva zinavyoichukua na kuigeuza dopamini. Wakanada ndo waliotoa picha hizo kwanza 1983. Neva zilizobaki hujikaza kufanya kazi ya waliokufa, kwa hivo mwanzoni mwa ugonjwa F-DOPA inaonyesha hasara ndogo kuliko ilivyo, kinyume na DaT. Ya pili ni FDG, ambayo ni sukari, inaonyesha sehemu zipi za ubongo zinakula na zipi zimelala.

Inajibu nini: F-DOPA inajibu swali la pili, karibu sawa na DaT na picha ni kali zaidi. FDG inajibu la tatu kuliko picha nyengine zote hapa, manake Parkinson, MSA na PSP kila moja ina mpangilio wake wa kulala na kuamka kwa ubongo.

Siku yenyewe: Afadhali kuliko DaT, unamaliza kwa saa chache. FDG inataka mtu aje na njaa na sukari ya damu iwe imetulia, na nyumba nyingi huku kwetu mzee wa kutetemeka ndo huyo huyo mwenye kisukari, kwa hivo panga na daktari wake wa sukari mapema. F-DOPA inataka asimamishe dawa za Parkinson saa 12, usiku huo atakuwa mzito, asilale peke yake.

Kuifikia: Florini 18 inapungua nusu kila dakika 110. Ukiitengeneza Nairobi ukaipakia SGR, ikifika Miritini imebaki kama sehemu moja kwa nane, ndo manake mtu anaifuata dawa, dawa haimfuati mtu. Nairobi kuna hospitali zenye PET na saiklotroni yake, yaani mashini ya kutengeneza hiyo mionzi, lakini kazi kubwa ni saratani, na dawa waliyozoea ni FDG. Uliza kama wana mtu wa kusoma FDG ya ubongo kwa magonjwa ya kutetemeka, kusoma uvimbe ni kazi nyengine. Kwa pesa, hii iko juu kabisa.

Inamfaa: FDG, mtu anayeshukiwa MSA ama PSP na MRI haikutoa jibu. F-DOPA, aliye nchi ambayo ipo na anahitaji jibu la swali la pili.

Ultrasaundi ya kichwa

Inaona nini: Kifaa kinawekwa pembeni, juu ya sikio kidogo, mawimbi yanapita mfupa mpaka ubongo wa kati. Wajerumani waligundua 1995 kwamba substansia nigra ya wagonjwa wengi inang'aa zaidi, inafikiriwa ni madini ya chuma yaliyorundikana pale. Kwa hivo hii hata haigusi idadi ya neuroni, inagusa udongo zilipoota.

Inajibu nini: Inadokeza swali la pili. Wagonjwa kama 9 kwa 10 wanang'aa, lakini na wazima kama 1 kwa 10 pia, na mng'ao haubadiliki ugonjwa ukizidi. Siipendi kama jibu la mwisho, naiheshimu kama dokezo.

Siku yenyewe: Hakuna mionzi, hakuna sindano, hata mwenye pesimeka anafanyiwa.

Kuifikia: Mashini za ultrasaundi zimejaa mjini na bei ni ya chini kuliko zote. Mkono wa kuifanya ndo adimu. Na baadhi ya watu mfupa wa pembeni haupitishi mawimbi, hasa akina mama watu wazima, na sisi Waafrika hali hiyo hutupata zaidi kuliko Wazungu.

Inamfaa: Aliye karibu na mtaalamu aliyefunzwa hasa hii, na asiyeweza MRI.

Na bila picha?

Hili ni chaguo halali, si umaskini. Daktari wa neva anatafuta mwendo uliopungua kasi pamoja na mtetemeko wa mkono uliopumzika ama mwili kukakamaa, anaangalia upande mmoja umezidi ama la, anauliza kuhusu pua isiyosikia harufu, choo kigumu, kupiga mateke usingizini. Halafu anajaribu levodopa kwa kipimo cha kutosha na muda wa kutosha. Mzee akifunguka wazi wazi, hilo jibu lina uzito. Kuna wanaokimbilia mbegu za upupu kwa kusikia zina levodopa, na ni kweli zinayo, lakini hujui umekunywa kiasi gani, na ukichanganya na vidonge unaweza kumwangusha kwa presha kushuka ama akaanza kuona vitu visivyokuwepo.

Sasa kwa hali yako

Kama mtetemeko ulianza upande mmoja, mkono ukiwa umetulia, na levodopa inamsaidia, DaT na PET hazitabadilisha dawa anayopewa. Weka pesa za dawa na za mazoezi ya viungo, MRI ifanywe daktari akiona sababu.

Kama ni mikono yote miwili, inatetemeka zaidi akishika kikombe, na babake alikuwa hivo hivo, muone daktari wa neva kwanza, na mkikwama hapo ndo DaT ina thamani ya safari.

Kama yuko kwenye mojawapo ya zile dawa nilizotaja, daktari ampunguzie ama ambadilishie, msikate wenyewe haswa zile za akili. Kufunguka kunaweza kuchukua miezi. Asipofunguka, DaT itawaambia kama kulikuwa na Parkinson iliyojificha chini.

Anayeanguka mapema, macho hayashuki chini akikanyaga ngazi, ama presha inaporomoka akisimama na mkojo umemshinda, anza na MRI na umwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba anashuku PSP ama MSA, manake msomaji asipoambiwa anaweza kupita. Ikibaki na utata, FDG Nairobi.

Chini ya miaka 40, MRI na kipimo cha shaba mwilini cha ugonjwa wa Wilson (unaorundika shaba mwilini), kabla ya kuwaza DaT, kwa sababu Wilson una dawa yake tofauti kabisa.

Ikiwa ilikuja ghafla, jana mzima leo upande umelegea ama mdomo umepinda, usisome tena hapa, mpeleke idara ya dharura sasa hivi, CT ya kichwa ndo ya kwanza.

Na aliyekwishapigwa picha mwaka juzi anayetaka kurudia ili kujua neuroni zimebaki ngapi, hakuna kati ya hizi inayofaa kumfuatilia mtu mmoja namna hiyo. Kwa watafiti wenye mamia ya watu ni sawa, lakini kwa mzee mmoja kupanda na kushuka kwa picha kunaweza kuwa ni mashini tu. Mrekodi kwa simu kila baada ya miezi kadhaa, akitembea ukumbini, akifungua na kufunga ngumi, akikaa mikono imelala mapajani, uandike na saa aliyokunywa dawa, halafu video hizo ziende kliniki pamoja na CD ya picha zake za zamani.